Jinsi ya kumsimamia rafiki aliyeanzisha kazi kubwa ya kusaidia watu halafu akasahauliwa

Wengi tunaijua Red Cross, yaani Msalaba Mwekundu. Tumeona magari yao kwenye mafuriko na ajali, wengine tumefundishwa huduma ya kwanza na vijana wao, na kila tarehe 8 Mei dunia inaadhimisha siku yao kwa sababu ndiyo tarehe aliyozaliwa Henry Dunant, mwanzilishi, pale Geneva mwaka 1828. Ila mtaje Rudolf Müller uone. Kimya. Huyu alikuwa mwalimu tu wa Stuttgart, Ujerumani, na alikuwa rafiki wa Dunant zaidi ya miaka ishirini wakati watu wa Geneva, mji wa Dunant mwenyewe, hawataki hata kusikia jina lake, na mimi naamini kabisa heshima aliyoipata Dunant uzeeni ilipita kwenye mikono ya huyu mwalimu.

Naandika hii kwa ajili yako wewe mwenye rafiki wa aina hiyo. Rafiki aliyeanzisha kituo cha watoto, au mfuko wa kuchangia matibabu, au kikundi cha uokoaji, kwa jasho lake, halafu mambo yakaenda kombo, wenzake wakamweka pembeni, leo hata kwenye bango la miaka kumi ya taasisi jina lake halipo, yeye yupo nyumbani kwao kimya na wewe unajiuliza nifanyeje. Kuna vya kufanya na vina mpangilio wake. Nitakupitisha kwa kumtumia Dunant na watu wake kwa sababu pale mambo yote yalitokea, mazuri na machungu.

Anza kwa kujua rafiki yako ameanguka wapi hasa. Watu wanaruka hatua hii, wanaanza kupiga kelele mtandaoni "ameonewa ameonewa" kabla hata hawajajua kilichotokea. Dunant alikuwa mfanyabiashara mwenye mradi wa mashamba na mashine za kusaga nafaka huko Algeria. Mwaka 1859 alisafiri kwenda kaskazini ya Italia kumtafuta Napoleon III, mfalme wa Ufaransa aliyekuwa vitani kule, ili amtatulie shida za ardhi na maji za huo mradi, akafika Solferino jioni ya tarehe 24 Juni siku ya vita, akakuta maelfu ya majeruhi wametapakaa hawana wa kuwahudumia, akaingia kazini pamoja na akina mama wa mji wa Castiglione, bila kuuliza huyu ni wa jeshi gani, wote ni ndugu. Mwaka 1862 akatoa kitabu juu ya aliyoyaona, mwaka 1863 wakakaa watu watano Geneva wakaunda kamati iliyozaa Red Cross, na Agosti 1864 nchi 12 zikasaini Mkataba wa kwanza wa Geneva, wa kuwalinda majeruhi wa vita. Haraka hivyo. Lakini miaka yote hiyo biashara yake ilikuwa inakufa, maana akili yake yote ilikuwa kwa majeruhi, na mwaka 1867 akafilisika na deni linalokaribia faranga milioni moja, watu wa Geneva waliomwamini wakapoteza hela zao, mahakama ikamtia hatiani, kamati ikamtoa.

Sasa angalia, hapo kuna mambo mawili yamefungwa pamoja. Kuna deni, ambalo ni la kweli, watu waliumia. Na kuna kazi aliyoifanya, ambayo nayo ni ya kweli na deni haliifuti. Kaa na rafiki yako muyatenganishe kwenye karatasi mbili. Ya kwanza: makosa yake, nani anadai nini, nini kilienda vibaya. Ya pili: alichoanzisha, lini, na nani alikuwepo. Ukichanganya, utaishia kutetea yasiyoteteka na watu wataacha kukusikiliza hata kwenye yale ya haki. Na akikataa kujaza ile karatasi ya kwanza, subiri. Usisogee hatua inayofuata mpaka ajaze.

Halafu uwepo. Hii ndo ndefu na haina makofi. Baada ya 1867 Dunant alihama hama, Paris, London, Stuttgart, maisha magumu kweli, mwenyewe alikuja kusimulia kwamba alikuwa anapaka wino koti lake pale lilipochakaa na chaki kwenye kola ya shati ionekane nyeupe, na usiku mwingine hana pa kulala. Mwaka 1877 akiwa Stuttgart ndipo akakutana na Müller ambaye alikuwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu cha Tübingen. Fikiria, kijana wa miaka ishirini na kitu na mzee anayekaribia hamsini, amefilisika, ana woga na watu, na kijana hana hela ya kumlipia madeni wala cheo cha kumrudisha kwenye kamati. Alikuwa na kitu kimoja tu, aliamini anachoambiwa na hakuondoka. Mwaka 1881 Dunant alienda na marafiki zake wa Stuttgart mpaka Heiden, kijiji cha Uswisi juu ya ziwa Constance, na mwaka 1887 akarudi kuishi huko huko kwa posho ndogo ya kila mwezi kutoka kwa ndugu zake. Umbali ukaongezeka, urafiki na Müller ukaendelea kwa barua.

Kwa hiyo kwako wewe: weka utaratibu ambao utauweza kwa miaka, maana wa wiki mbili haumsaidii. Simu kila Jumapili jioni inatosha. Kumtembelea kila ukipita njia hiyo inatosha. Mtu aliyeanguka namna hii anapokea simu nyingi mwezi wa kwanza, mwezi wa sita hakuna hata moja, na mwaka wa tatu ndo anaanza kuamini kwamba labda kweli hakufanya kitu. Ukimpigia usimuulize kila siku "umefikia wapi na ile kesi", muulize habari za nyumbani, mwulize alikula nini, acha aongee. Na ukiweza kumsaidia hela, ya kula na ya dawa mpe kimya kimya, isiwe ya kupiga nayo picha.

Sasa nyaraka. Hapa naomba usome taratibu maana ndipo kazi ya Müller ilipo na ndipo wengi tunaposhindwa. Ilivyokuwa ni kwamba Red Cross iliendelea kukua nchi baada ya nchi, na simulizi rasmi ya chimbuko lake ilikuwa inatoka Geneva, na Geneva rais wa kamati alikuwa Gustave Moynier, wakili, ambaye hakutaka habari za Dunant. Mtu asipokuwepo kwenye kikao na hana karatasi, basi historia inaandikwa na aliyebaki na funguo za kabati. Müller hakwenda kugombana na Moynier. Alikaa chini na Dunant, kwa miaka, wakakusanya barua, maandiko, tarehe, nani aliandikiwa nini na alijibu nini, na mwaka 1897 akatoa kitabu kinene cha historia ya kuanzishwa kwa Red Cross na Mkataba wa Geneva, kwa Kijerumani, na ndani yake akaweka tena yale maandiko ya Dunant juu ya Solferino ili msomaji aone kwa macho yake wazo lilitoka wapi. Miaka ishirini tangu wajuane! Mwalimu wa shule, ana madarasa ya kufundisha, ana madaftari ya kusahihisha.

Fanya hivi. Chukua simu yako na rafiki yako mkae siku nzima. Kusanyeni cheti cha kwanza cha usajili, katiba ya mwanzo yenye majina ya waanzilishi, muhtasari wa vikao hata ule ulioandikwa kwenye daftari la mistari, barua za kuomba msaada, risiti, miamala ya simu, picha za siku ya kwanza, na meseji za Whatsapp za kile kipindi (zile za "jamani nina wazo" ndo dhahabu, zitoeni kwenye simu kabla simu haijaibiwa). Kila kitu kipige picha safi au kiskani, kipe jina lenye mwaka mbele, mfano 2014 katiba ya kwanza. Halafu tengeneza orodha moja ya matukio kwa tarehe, na mbele ya kila tukio andika ushahidi wake ni upi. Tukio lisilo na ushahidi liwekee alama na umtafute mtu mwingine aliyekuwepo akuhakikishie, maana kumbukumbu ya mtu aliyeumizwa ina tabia ya kujaza mapengo, hiyo ni kwa binadamu wote na Dunant naye alikuwa hivyo hivyo.

Na uwe mkweli kwa upande wa pili. Müller alivuta simulizi upande wa rafiki yake, na ilikuwa haki yake maana upande huo ulikuwa umezimwa kabisa, ila ukweli mzima ni kwamba Moynier ndiye aliyejenga taasisi, aliiongoza tangu 1864 mpaka anakufa 1910, kanuni, barua, mikutano, yote. Dunant asingeweza kazi ile, hakuwa mtu wa ofisi. Kwenye maandishi yako watajeni wote walioifanya kazi, hata yule aliyemtoa rafiki yako, mpe haki yake kwa alichofanya. Maandishi ya aina hiyo hata adui akiyasoma hana pa kushika.

Ila nyaraka peke yake hazitembei. Kitabu kinene kinasomwa na wachache. Kabla kitabu cha Müller hakijatoka kuna kitu kilitokea, Agosti 1895 mhariri mmoja wa gazeti la St. Gallen, Georg Baumberger, alikutana na Dunant Heiden wakaongea, na Septemba ikatoka makala yake kwenye jarida la picha la Stuttgart, na ndani ya siku chache magazeti mengine Ulaya yakaichapa tena. Watu wengi walikuwa wanajua Dunant alishakufa zamani! Kumbe yupo hai, mzee wa miaka 67 mwenye ndevu nyeupe, anaishi kwenye hospitali ya kijiji ya Dk. Hermann Altherr tangu 1892. Barua zikaanza kumiminika, Papa Leo XIII akamtumia salamu, mama wa mfalme wa Urusi Maria Feodorovna akampa pensheni.

Kwa hiyo unahitaji vyote viwili na usivichanganye. Stori fupi ya kumgusa mtu anayescroll saa tano usiku, na faili nene la kumridhisha yule atakayeuliza "una uhakika gani". Stori fupi mtafutie mwandishi ambaye hana undugu na nyie, mpe namba ya rafiki yako, mwache akae naye mwenyewe, wewe usijibu kwa niaba yake. Wewe ukiandika stori ya rafiki yako watu watasema ni rafiki yake. Kazi yako ni lile faili, na uwe nalo tayari KABLA stori haijatoka, kwa sababu ikishatoka una siku mbili tatu tu za watu kuuliza maswali kabla hawajahamia kwenye jambo jingine.

Baada ya hapo tafuta mtu mwenye mlango. Mmoja tu anatosha. Kitabu cha Müller kilimfikia daktari wa jeshi la Norway, Hans Daae, na kumbuka wosia wa Alfred Nobel ulisema tuzo ya amani itolewe na kamati ya bunge la Norway, kwa hiyo Daae alikuwa nchi moja na watu wale wale wanaoamua. Akampigania Dunant kwa kamati. Na haikuwa rahisi, kuna wanaharakati wa amani waliona kumpa tuzo mtu wa kutibu majeruhi wa vita ni kama kuifanya vita ivumilike, tuzo ni ya kuondoa vita siyo kuipunguzia makali. Hoja nzito hiyo, siwezi kuidharau. Dunant upande wake alikuwa anaandika juu ya amani na alikuwa na mawasiliano na Bertha von Suttner, mwanaharakati mkubwa wa Austria, kwa hiyo hakuonekana mtu wa bandeji peke yake. Tarehe 10 Desemba 1901 tuzo ya kwanza kabisa ya Nobel ya Amani ikaenda kwa wawili, Frédéric Passy wa Ufaransa aliyepigania amani maisha yake yote, na Henry Dunant. Na ile kamati ya Geneva, ile ile iliyomtoa, ikamwandikia kumpongeza na kukiri kwamba bila yeye kazi ile pengine isingeanza.

Ukitafuta mtu wako mwenye mlango jiulize kwanza yeye anatakiwa kuamua nini na anapima kwa kigezo gani, halafu mpe lile linalohusu kigezo chake. Afisa maendeleo ya jamii anataka kuona usajili na idadi ya watu waliohudumiwa. Mfadhili anataka hesabu zilizokaguliwa. Kamati ya tuzo inataka kujua nini kisingekuwepo bila huyu mtu. Ukurasa mmoja, mwisho miwili, na faili lipo ukitakiwa. Usitume faili zima la kurasa mia kwa mtu ambaye hajaomba, hatalifungua.

Hela ikija, tulia. Sehemu ya Dunant ya tuzo ilikuwa kama faranga 104,000 za Uswisi na waliokuwa wanamdai walikuwa bado wapo. Daae akafanikiwa kuiweka kwenye benki ya Norway ambako hawakuweza kuifikia, na Dunant mpaka anakufa tarehe 30 Oktoba 1910 hakuigusa, aliendelea kuishi kimaskini kwenye kile chumba cha hospitali, na wosia wake ukagawa kwa waliomhudumia, kwa taasisi za hisani za Norway na Uswisi, na kitanda cha bure pale hospitali ya Heiden kwa ajili ya mgonjwa maskini wa kijiji. Inagusa sana hii. Ila mimi nisingekushauri uige ile ya kuweka hela mbali na wanaodai. Deni lilimtesa moyoni mpaka mwisho, mzee hakuwahi kupumua. Rafiki yako akipata chochote, kaeni na wakili, itisheni wanaodai, mkubaliane kulipa kidogo kidogo kwa maandishi, anzeni na wadogo wadogo, yule fundi aliyejenga bati hajalipwa, yule mama wa duka. Hela ya kazi iende kwenye akaunti ya taasisi yenye watia saini wawili na wewe usiwe mmoja wao. Nasisitiza hapo. Siku utakaposaini hundi ya kwanza unaacha kuwa shahidi.

Jiandae pia atakugeukia. Heiden kulikuwa na mwalimu mwingine, Wilhelm Sonderegger, na mke wake Susanna. Hawa ndio waliompokea, waliomtia moyo aandike kumbukumbu zake, na Susanna akaanzisha tawi la Red Cross pale kijijini ambalo mwaka 1890 lilimfanya Dunant rais wa heshima. Halafu Dunant akaanza kumshuku Sonderegger, akaamini anashirikiana na Moynier kumhujumu, akahama mji kwa muda mpaka aliporudi kuingia hospitali. Sonderegger akafariki mwaka 1904 hali haijakaa sawa. Mtu aliyesalitiwa na wengi anaweza kumwona kila mtu msaliti, na anaanza na aliye karibu zaidi kwa sababu wewe ndo unapokea simu. Ikikutokea usimjibu siku hiyo hiyo, wala usiende kueleza mtaani kwamba umesaidia na hujashukuriwa. Mwambie mara moja, kwa upole, kwamba hilo siyo kweli na kwamba ukihitajika upo. Halafu muache. Kama kuna mtu mwingine anayemwamini, mkabidhi faili aendelee nalo, kazi isisimame kwa sababu nyie wawili hamuongei, na kama afya ya akili yake inakutia wasiwasi ongea na ndugu zake wampeleke kwa daktari, usijifanye wewe ni daktari.

Na wewe mwenyewe linda maisha yako. Müller aliendelea kufundisha. Hakuacha kazi ili awe msemaji wa Dunant, na nadhani ndo sababu aliweza kudumu. Usikope kwa jina lako kwa ajili ya taasisi ya rafiki yako, usiweke nyumba yako dhamana, na mwenzi wako nyumbani ajue unachofanya tangu mwanzo.

La mwisho ni barua na mawasiliano yenu nyie wawili. Hata mkigombana usifute. Pamoja na yote yaliyotokea, Sonderegger aliendelea kumheshimu Dunant na heshima hiyo ikaenda kwa watoto wake, na mwaka 1935 mwanae René akachapisha barua ambazo Dunant alimwandikia baba yake, zaidi ya miaka thelathini tangu baba afariki. Zilikuwa zimetunzwa nyumbani. Kwa hiyo tengeneza nakala tatu za kila kitu, moja kwako, moja kwa rafiki yako, moja kwa mtu wa tatu mdogo kwenu kiumri, na kwenye bahasha au folda andika kwa mkono wako nani anaruhusiwa kufungua na baada ya lini.